Malimbuko ya Mnavu wa Bondeni

Habari hii si ya kale, na wale mnaopenda habari zianzie kale mtanisamehe. Ni ya mwaka huu, na imetokea katika nchi ambayo jina lake sitalitaja. Si kwamba naogopa. Jina la nchi yetu limehifadhiwa Bohari Kuu ya Serikali lisichakae. Hutolewa siku ya sherehe za taifa tu, likapigwa pasi, likaimbwa, likarudishwa. Siku nyingine zote sisi husema "hapa kwetu", na tunaelewana vizuri.

Hapa kwetu mimi ni mtumishi wa umma. Nafanya kazi Idara ya Majuto, Wizara ya Udongo na Utulivu. Najua huko kwenu hamna idara hii, na nawaonea huruma. Kwenu jambo likiharibika kila mtu hujuta kivyake, mkubwa anakosa usingizi, mdogo anamnung'unikia mkubwa, vurugu tupu. Sisi tumeweka utaratibu. Jambo likiharibika, Wizara humtuma Afisa Majuto aliyesomea kazi yake, amevaa koti la rangi ya majivu. Hufika kwa mwananchi aliyeumia, akapiga goti, akainamisha shingo, akashusha pumzi na kusema, "Serikali inajuta kwa ujumla." Kisha anakunywa chai aliyoandaliwa, maana kukataa chai ya mfiwa ni utovu wa adabu, halafu anaondoka. Tangu hapo jambo lile limekwisha kisheria.

Hayo maneno "kwa ujumla" msiyapite haraka. Ndiyo kiapo chetu. Afisa Majuto haruhusiwi kujuta kwa undani, yaani kutaja ni nini hasa kinachojutiwa, nani alikifanya, na kama bado anakifanya. Mkufunzi wetu alituonya kwamba ukishaanza undani hujui utakomea mlangoni kwa nani.

Kusema kweli nilikuwa na kipaji. Shingo yangu inainama vizuri na pumzi ninayo. Mke wangu, Mwajabu, hulalamika kwamba hata nikimwaga uji nyumbani napiga goti kwanza. "Usinijutie kikazi," huniambia. "Chukua kitambaa ufute."

*

Kituo changu kikubwa kilikuwa Bondeni. Huko kulikuwa na Kiwanda cha Taifa cha Kuyeyusha Betri. Betri kuukuu za magari zilipasuliwa, madini ya risasi yaliyomo ndani yakayeyushwa, moshi ukaenda ulikopenda, na maji machafu yakaingia mtaroni, na mtaro ukaingia mashambani kwa watu. Baada ya muda watoto wa Bondeni wakaanza kuumwa matumbo. Fizi zao zikaingia weusi. Mtoto aliyekariri jedwali la mbili asubuhi alikuwa amelisahau kabla ya uji wa saa nne.

Waziri wetu, Mheshimiwa Chakupewa, alilitolea ufafanuzi Bungeni. Alisema watoto wa Bondeni ni wasahaulifu kwa asili, na kwamba usahaulifu ni tunu ya taifa, kwa kuwa nchi yenye watu wanaosahau haina visasi wala madai. Bunge zima lilisimama likapiga makofi. Watoto walipoanza kuzikwa, kiwanda kilifungwa kwa ajili ya matengenezo, na matengenezo yenyewe yakawa ni huko kufungwa. Udongo ulibaki pale pale na sumu yake. Mimi nikatumwa kujuta.

Nilijuta nyumba kwa nyumba. Ndiko nilikojuana na Bi Sikudhani, mpishi wa shule ya msingi, mama mnene mwenye sauti ya kuita watoto wa vitongoji viwili kwa pamoja. Mjukuu wake wa kwanza alikuwa miongoni mwa waliozikwa. Wa pili alikuwa bado yumo tumboni mwa mama yake. Nilipiga goti, nikainama, nikamaliza. Bi Sikudhani akanisogezea kikombe.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Wewe hujanikosea kitu. Wewe umetumwa."

Nilipaswa kufurahi, kwa sababu hiyo ndiyo maana ya pole kupokelewa. Lakini chai ile niliinywa, na njia nzima ya kurudi nilijiona mwizi. Nikamweleza mkuu wangu wa idara. Akanipapasa bega na kuniambia huko kunaitwa kujuta nje ya saa za kazi, kunawapata maafisa wenye moyo mwepesi, na dawa yake ni kulala mapema.

*

Sasa katika Wizara yetu kulikuwa na mtaalamu wa udongo, Dk. Nyanjige, mwanamke mwembamba ambaye katika utumishi wake wote hakuwahi kuanza sentensi kwa pongezi. Huyu aliomba nafasi mbele ya Baraza la Mawaziri, na alipopewa akaweka mezani mche wa mnavu, mizizi na yote. Ni huu huu mnavu mnaoujua, unaoota jalalani na nyuma ya choo bila kualikwa.

"Huu unanyonya," akasema. "Mizizi yake inavuta madini mazito kutoka ardhini, risasi na wenzake, inayapandisha kwenye majani. Tukiuotesha Bondeni misimu kadhaa udongo utapona. Lakini sumu haipotei, inahama. Ikishaingia kwenye mmea, mmea wenyewe ndio sumu. Hauliwi na mtu wala mbuzi. Unang'olewa na mizizi yake yote, unachomwa kwenye tanuri lenye mfuniko, na majivu yanazikwa ndani ya zege."

Mawaziri walimsikiliza kwa uchungu, kwa sababu alikuwa amemaliza bila kumtaja Mkuu wa nchi. Kisha Waziri wa Sheria akasimama na kukumbusha kwamba mnavu ni gugu, na kwamba Sera ya Taifa kuhusu Magugu iko wazi: gugu halioteshwi, halitunzwi wala halitengewi fungu, na afisa atakayeonekana akilinyweshea maji atang'olewa pamoja nalo.

Ikaonekana watoto wa Bondeni hawana bahati. Hapo ndipo Mheshimiwa Chakupewa alipoonyesha kwa nini yeye ni waziri na sisi ni sisi.

"Waheshimiwa," akasema, "kama gugu haliruhusiwi, kwa nini tusilipandishe cheo?"

Mnavu ukapandishwa cheo kutoka Gugu hadi Zao la Kimkakati. Hafla ilifanyika kwenye uwanja wa mpira. Mche mmoja uliwekwa juu ya kiti cha kifahari ukavishwa nishani, na kwa uzito wa nishani ukavunjika kiuno, ukaletwa mwingine. Mheshimiwa Waziri alihutubia. "Kuanzia leo," alisema, "mnavu si ile mboga mnayoijua ninyi! Mnavu ni mwenzetu! Umetoka chini kabisa, kama mimi, na kama mimi utaondoa uchafu wa taifa hili kwa kuuingiza ndani ya nafsi yake!" Watu walishangilia sana, na mimi pia.

Dk. Nyanjige aliuliza kama cheo hicho kitabadilisha utaratibu wa kung'oa na kuchoma.

"Daktari," Waziri akacheka, "hilo ni jina tu."

Daktari akakubali. Baadaye alinieleza kwamba aliona heri jina baya kuliko udongo mbaya, na uso wake ulipokuwa ukisema hivyo sikupenda kuutazama.

*

Cheo cha mnavu kilipita ofisi nyingi kabla ya mbegu kutolewa. Wakati kinapita, Mwasiti, mjukuu wa pili wa Bi Sikudhani, alizaliwa, akakaa, akatambaa, akaota meno ya mbele. Mwishowe shamba likaoteshwa pale pale kiwanda kilipokuwa kikimwaga maji yake, na likastawi ajabu. Majani yalikuwa mapana na meusi kwa afya. Ungeyaona ungesema leo napika.

Dk. Nyanjige alijua hilo. Aliwaita watu wa Bondeni, akawaomba wasichume hata jani.

"Mwanangu," Bi Sikudhani akamwambia, "mimi nimekula mnavu tangu sijaota meno. Mama yangu alinilea kwa mnavu. Leo unaniambia ni sumu?"

"Ule aliokulea nao mama yako si sumu, mama. Huu wa hapa umekunywa kile kilichomuua mjukuu wako. Ndiyo kazi yake. Ukiula, unakinywa wewe."

 Bi Sikudhani akajifunga kanga kiunoni, akachukua mwiko wake mkubwa wa shule, na tangu siku hiyo hakuna mbuzi wala mtoto aliyesogea shambani akarudi bila alama. Niliambiwa hata Afisa Tarafa alichapwa alipoinama kufunga kamba ya kiatu. Watu wa Bondeni walitii bila shuruti, jambo ambalo Wizara haikulizoea, na kwa muda tulihofia kuna njama.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno. Basi Idara ya Mazao ikafungua kanuni zake.

Hapa kwetu zao haliguswi kabla ya malimbuko. Hiyo ni mila ya babu zetu na ni nzuri. Chungu cha kwanza hupikwa hadharani, akala kwanza mtu mdogo kuliko wote pale mahali, aliye na meno, ili ardhi ijue inamlisha nani. Kisha anakula aliye mkubwa kuliko wote kwa cheo. Ndipo watu huvuna. Mahindi hufanyiwa hivyo, na viazi, hata pamba ilifanyiwa mwaka mmoja, na kijana aliyeila anaendelea vizuri. Mnavu ukiwa zao, haukuweza kung'olewa bila malimbuko. Na mtu mdogo kuliko wote Bondeni aliyekuwa na meno alikuwa Mwasiti.

*

Siku Dk. Nyanjige alipoingia ofisini kwa Waziri bila kubisha hodi, mimi nilikuwemo. Lifti ya Wizara ilikuwa imeharibika na nilikuwa nimekwenda kumjutia kwa kupanda ngazi.

"Mheshimiwa, huyo mtoto ndiyo kwanza anajifunza kutembea," Daktari alisema.

"Ni kijiko kimoja, Daktari. Tena cha chai."

"Mtoto wa umri ule hana pa kuitolea sumu hiyo. Inaingia mifupani, inapanda kichwani, inakaa huko maisha."

"Basi itakuwa mahali salama."

"Na Mkuu? Naye atakula?"

Waziri alishtuka kwa swali hilo. "Mkuu ataletewa mchicha wa Ikulu uliokatwa vizuri. Picha haina ladha."

"Basi na mtoto apewe mchicha!"

Mheshimiwa Chakupewa alisimama. Sijawahi kumwona amekasirika kwa haki namna ile. "Unataka tumdanganye mwananchi?" akauliza. "Kwenye mila yake mwenyewe? Mbele ya ardhi ya mababu zake? Daktari, umesoma mpaka umepoteza utu."

Dk. Nyanjige akasema yeye ndiye aliyekubali hilo jina la zao, na kwamba mtoto akila, yeye ndiye aliyempikia. Alilia huku amesimama, bila kufunika uso, kisha akatoka.

Ofisi ikapoa. Na hapa ni lazima niseme jambo kwa heshima zote: Waziri hakuwa na raha. Alichukua kalamu akairudisha. Alitazama picha ya wajukuu zake mezani, akaigeuza ikatazama ukuta. Halafu akaniona.

"Afisa," akasema, "katika jambo hili nahisi kuna majuto."

"Yapo, Mheshimiwa."

"Basi usikae nayo hapa. Nenda Bondeni ukajute, mimi nipate kulala."

"Mheshimiwa, bado halijatokea. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye."

"Wahenga hawakuwa na magari," alisema Waziri. Papo hapo akatoa waraka kwamba kuanzia tarehe ile majuto ya Serikali yanaweza kutangulia tukio, kwa lengo la kuokoa muda.

*

Nilimkuta Bi Sikudhani uani, amembana Mwasiti katikati ya magoti yake, anamsuka. Gauni jipya la njano lilikuwa limeanikwa kwenye kamba. Mama yule alikuwa na furaha. Alijua kwamba mjukuu wake amechaguliwa kukaa karibu na Mkuu kwenye sherehe ya kufungua uvunaji. Kwamba atalishwa alikuwa hajaambiwa, kwa sababu Wizara ilitaka iwe ya kushtukiza.

"Karibu, Bwana Majuto! Leo umekuja kututembelea?"

Nikapiga goti. Nikainamisha shingo. "Serikali inajuta kwa ujumla," nikasema.

Akacheka. "Inajutia nini tena? Mbona wiki hii hatujazika?"

Hapo nilitakiwa kusimama. Sikusimama. Mwasiti alikuwa akinitazama, ameshika kipande cha kiazi kilicholowa mate, akaninyooshea nile. Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Ni neno moja tu: usimpe. Nilikuwa na kiapo, nilikuwa na cheo, nilikuwa na nyumba ya Serikali yenye maji ndani. Nikarudia, "Serikali inajuta kwa ujumla." Nikarudia tena, na mara hii sauti ilipasuka njiani, jambo ambalo halimo katika mafunzo.

Mikono ya Bi Sikudhani ikasimama kwenye nywele za mtoto.

"Mwanangu," akasema polepole, "mimi pole nimepokea nyingi. Pole huja nyuma ya msiba. Hii yako imetangulia. Msiba wenyewe uko wapi?"

 Macho hayamo kwenye kiapo, yakaenda yenyewe kwa mtoto, kisha yakavuka ua yakaenda shambani. Nilipoyarudisha chini nilikuwa nimechelewa, kwa maana yeye alikuwa ameyafuata. Alimnyanyua Mwasiti akamkumbatia kifuani, nywele zimesukwa nusu.

"Nenda," akasema. "Leo hakuna chai."

Niliondoka bila chai. Kisheria majuto yangu hayakukamilika, na kwa njia nyingine pia. Usiku ule Mwajabu aliniuliza nina nini nikamwambia ni lifti.

*

Siku ya malimbuko Bondeni kulipambwa. Mkuu alifika na magari yake yote, hata yale mabovu, yakivutwa. Chungu kilikuwa kinatokota katikati ya uwanja wa shule, na harufu ya mnavu, Mungu anisamehe, ilikuwa tamu. Dk. Nyanjige alikuwa amesimama karibu kabisa na jiko, mikono nyuma, na askari kila upande. Alikuwa ameapa kukipindua chungu.

Mheshimiwa Chakupewa alitangaza kwamba wananchi watapita mbele ya meza kuu kumsalimu Mkuu, halafu mtoto atalishwa. Wananchi wakajipanga. Mbele yao alikuwa Bi Sikudhani, na Mwasiti amelala mgongoni mwake ndani ya kanga, gauni la njano likichungulia. Nilikuwa nyuma ya kiti cha Waziri na koti langu. Nilisema moyoni, amemleta. Hakuelewa. Kosa ni langu na sasa nitalishuhudia.

Bi Sikudhani alifika mezani, akapiga goti, akainamisha shingo, akashusha pumzi ndefu. Aliifanya vizuri kuliko mimi.

"Pole, Mheshimiwa," akamwambia Mkuu.

Mkuu alitabasamu. "Pole ya nini, mama?"

"Ya baadaye tu, Mheshimiwa. Pole sana."

Akapita. Nyuma yake mzee mmoja wa Bondeni akapiga goti. "Poleni, Mheshimiwa. Mungu awape subira." Nyuma yake kijana. "Pole, Mkuu. Ndiyo dunia." Wakaja wanawake wa soko na vilemba vyao, wakashika vichwa, mmoja akatoa machozi ya kweli kabisa na kuuliza kama familia imeshaarifiwa. Walimu wakapita. Watoto wa shule wakapita wawili wawili, wakisema "Pole" kwa sauti moja kama wanavyofundishwa kusalimu.

Tabasamu la Mkuu lilianza kuishiwa nguvu. Ninyi hamjui, lakini hapa kwetu mtu mkubwa hupewa sifa, hupewa mbuzi, hupewa barabara iitwe jina lake. Pole hajawahi kupewa. Aliangalia bakuli lililofunikwa mbele yake. Akakiangalia chungu. Akamgeukia Chakupewa.

"Hawa wanajua nini ambacho mimi sijui?"

"Hakuna kitu, Mkuu. Ni ule waraka wangu. Siku hizi pole zinatangulia."

"Zinatangulia nini?"

 Kabla Waziri hajajibu, daktari wa Mkuu, aliyeketi kando yake, alilisogeza mbali bakuli la mchicha wa Ikulu kwa kidole kimoja, na hilo ndilo lililomaliza sherehe. Mkuu alisimama. Magari yaligeuzwa kinyumenyume, mabovu yakaachwa. Chungu kilimwagwa shimoni na Dk. Nyanjige mwenyewe, na hao askari wakamsaidia. Mwasiti hakuwa hata ameamka.

Nilitaka kwenda kwa Bi Sikudhani. Alinitazama mara moja, si kwa ubaya wala kwa wema, akaenda zake nyumbani.

*

Kama habari ingekomea hapo ningeitwa mtu mwema, na mimi ningeupokea wema huo bila kuuliza. Haikukomea.

Mkuu aliporudi Ikulu alitangaza kwamba mnavu umeisaliti dola. Ukavuliwa nishani na kushushwa cheo, kutoka Zao la Kimkakati hadi Gugu, na ukawa chini ya ile Sera ya Magugu. Sera inasema gugu lililokutwa kwenye ardhi ya Serikali hulimiwa chini kwa trekta, likafukiwa pale pale lilipoota, lioze.

"Mnairudisha sumu!" Dk. Nyanjige aliwapigia kelele wakubwa wa Wizara koridoni. "Imeshatoka ardhini, iko kwenye majani, mnairudisha chini kwa mkono wenu! Na juu juu kabisa, wanakochezea watoto!" Walimsikia. Wengi wao, nilivyowaona, walitazama viatu vyao. Mheshimiwa Chakupewa aliniita akanituma Bondeni nikajute, na safari hii, akasema, kwa mpangilio wa kawaida, baada ya trekta.

Sikusubiri baada. Nilifika kabla ya trekta na koti langu, bila kujua nimekuja kufanya nini. Nilikuta Bondeni nzima imo shambani. Wamejifunga matambara mikononi, wanang'oa mnavu na mizizi yake, wanasindilia kwenye magunia, na wengine wanayabeba hadi kwenye tanuri la Dk. Nyanjige. Yeye alikuwa pale, amepauka kwa majivu. Walikuwa wamemaliza sehemu ndogo tu.

Nikamwendea Bi Sikudhani, nikaanza kukunja goti.

"Aka!" akasema bila kuinua mgongo. "Pole nimeshiba, mwanangu. Usiniongeze."

Sauti ya trekta ikasikika barabarani. Likaingia, limebeba jembe la sahani nyuma, na juu yake Bwana Kisoda, dereva wa Wizara, mtu ninayemfahamu, aliyetumwa kama nilivyotumwa mimi. Watu wakainua vichwa. Hakuna aliyekimbia, na hakuna aliyekuwa na la kufanya.

Kuna kifungu kimoja katika kanuni zetu ambacho hakikuwahi kunifaa. Kinasema chombo chochote cha Serikali hakipiti mbele ya Afisa Majuto aliyepiga goti kazini, bali husimama, na dereva huvua kofia, hadi afisa amalize. Kilitungwa ili misafara isitukanyage. Nilikwenda nikapiga goti mbele ya gurudumu.

"Serikali inajuta kwa ujumla," nikasema.

Bwana Kisoda alinitazama. Akazima injini. Akavua kofia.

Majuto ya kawaida hayazidi muda wa chai kupoa. Nilirudia ya ujumla mpaka yakaisha ladha, na nyuma yangu nilisikia mizizi ikikatika, na nilijua shamba bado ni kubwa. Mtu hawezi kujuta kwa ujumla mchana kutwa. Basi nikaingia kwenye undani, na mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito kama wa mgonjwa.

Nikajutia kiwanda. Nikajutia moshi, na mtaro, na yule aliyeuelekeza mtaro mashambani, nikamtaja jina. Nikajutia hotuba ya usahaulifu na Bunge lililoipigia makofi. Nikajutia kila nyumba nilimonywea chai. Nikafika kwa mjukuu wa kwanza wa Bi Sikudhani nikakwama, kwa sababu nilimjutia zamani bila kuuliza jina lake.

"Bi Sikudhani," nikaita bila kugeuka, "yule wa kwanza aliitwa nani?"

Mizizi iliacha kukatika nyuma yangu.

"Mbaruku," akasema.

"Namjutia Mbaruku," nikasema. Bwana Kisoda alishuka kwenye trekta, akakaa juu ya udongo, kofia mapajani. Akasema yeye ndiye aliyekuwa akileta zile betri kwa lori. "Niwekee na hilo, kaka," akasema. Nikaliweka. Wakaja na wengine wakipita na magunia, kila mtu na lake dogo, nikayaweka yote. Jua lilihama kutoka shingoni likaenda shavuni. Magoti yalikufa ganzi. Sauti ilikauka, na mwisho nikanyamaza, nikaona yamekwisha.

Trekta lilikuwa limekaa kimya mbele yangu. Bwana Kisoda alinitazama, akaanza kuivaa kofia taratibu, kwa huzuni, kama mtu asiye na namna.

Hayakuwa yamekwisha. Lilikuwa limebaki langu.

"Nilijua, Bi Sikudhani," nikasema. "Nilikuja uani kwako nikijua atalishwa nini. Lilikuwa neno moja, na nikaja na koti."

Alikuwa amefika karibu, gunia begani. Nilisikia pumzi zake. Mgongoni Mwasiti alikuwa macho, ameshika ncha ya kanga, ananiangalia.

"Nilijua kwamba ulijua," akasema Bi Sikudhani, akaliweka gunia vizuri begani. "Endelea, bado matuta ya kule mwisho."